Mipira Arobaini kwa Lumbesa

Jumapili. Baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na leo nauonea wivu.

Wanaonifahamu wanajua: Mungu alininyima shule akanipa bahati ya jicho. Nimechomelea mageti kuanzia Nairobi mpaka Lusaka, na futi ya kupimia naivaa kama pambo tu. Mwaka jana, siku ya mavuno kanisani, waliweka debe la machungwa; atakayekisia idadi yake anaondoka na beberu. Walimu wakakosa, wahasibu wakakosa. Mimi nikatupa jicho mara moja: sitini na tatu. Halikuzidi wala kupungua hata moja! Mtaa wetu wa Kisongo wote ulikunywa supu.

Ndiyo maana Neema, binti wa dada yangu, aliniletea roboti.

Yuko kidato cha tatu, nahodha wa timu ya roboti ya shule yao. Mashindano yenyewe ni hivi: roboti inajazwa mipira kwenye kikapu chake, inakimbia nayo upande wa pili, inaimwaga. Muda ni dakika chache tu. Kikapu nilikichomelea mimi, bure, na chai nikawanunulia timu nzima. Likabaki swali moja: kinabeba mipira mingapi? Kikibeba yote arobaini ya mashindano, safari moja inatosha. Kikipungukiwa, wapange safari mbili. Na shule ilikuwa na mipira mitatu tu ya mazoezi, kwa hiyo ilibidi kukadiria.

Neema alipiga hesabu kwenye daftari pale karakanani kwangu, wenzake wamemzunguka. Alinieleza taratibu kwamba mpira ni duara, ukipangwa na wenzake unaacha nafasi. Akapata ishirini na sita.

Nilicheka mpaka machozi. "Ishirini na sita? Hujaona viazi vinavyofungwa Oldonyo Sambu? Gunia likijaa ndiyo kwanza linaanza. Piga lumbesa, kilima juu ya ukingo!"

"Anko, gunia halikimbii."

"Mwanangu, aliyeshinda beberu ni mimi au daftari lako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Neema akachukua kifutio, akafuta ishirini na sita, akaandika arobaini.

Nilimwona akifuta.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikaa mbele kabisa, napiga mbinja. Wakajaza arobaini kweli, kilima kikasimama vizuri kama viazi vya barabarani. Roboti ikaondoka. Kona ya kwanza tu, kilima chote kikaporomoka, mpira mmoja ukaingia chini ya tairi, na roboti ikabaki inazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Ikazunguka mpaka muda ukaisha.

Mwalimu wao akauliza nani alisema arobaini.

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

"Ni mimi, mwalimu," Neema akasema.

Akavuliwa unahodha palepale, mbele ya wale wale waliocheka karakanani kwangu. Mimi, mtu ninayejua kupiga kelele kwa lugha nne, niliendelea kuhangaika na kamba zisizokuwepo.

Leo baada ya ibada nilipita kwa dada. Neema akaniamkia shikamoo kama kawaida, akanimiminia chai, akakumbuka kwamba mimi nakunywa ya sukari nyingi. Hakunisema kwa mama yake. Angenitukana ningepona.

Kesho asubuhi naenda shuleni, bila mzaha, nimwambie mwalimu ile namba ilitoka kinywani mwa nani. Neema naye lazima awepo asikie. Najua mwalimu ataniuliza kwa nini mtoto mwenye hesabu sahihi aliifuta akamfuata mchomelea mageti aliyeishia kidato cha pili. Hapo nitalazimika kusema na lile jingine ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana, Jumamosi ile kabla ya siku ya mavuno, nilimsaidia mama mchungaji kupanga machungwa kwenye debe. Niliyahesabu moja moja.

Sikukisia. Bahati ya jicho sina, na sijawahi kuwa nayo.