Ufunguo Uliompa Mwenyekiti

Nduku,

Wenzetu wakikukumbuka wanalia. Mimi nakasirika. Nimenyamaza tangu tukuzike, na leo nimechoka kunyamaza.

Wewe ndiye uliyetuletea intaneti hapa Mitaboni. Uliwabembeleza wafadhili mpaka shirika letu dogo la afya likapata kompyuta na laini ya simu. Ukanifundisha kufungua barua pepe, ukinichapa mkono kila nilipobonyeza kwa nguvu. "Mwende, hiyo si mbuzi, wacha kusukuma!" Tulicheka hadi wagonjwa wakatuchungulia dirishani. Nakikosa kicheko kile, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu.

Halafu siku ya uzinduzi ukaharibu kila kitu. Mbuzi amechinjwa, pasta ameomba, nawe ukapiga goti ukamkabidhi mwenyekiti wa shirika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ufunguo wa pekee! Eti kitu kipya kisipopitia mikononi mwa mzee hakina baraka. Nilikukonyeza, ukaninong'oneza, "Mzee akifurahi, kazi itasonga." Ulipokuwa hai ulimwomba kwa upole, naye akafungua. Presha ilipokuchukua, hakuna tena aliyeweza kumlainisha.

Sasa kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Anawafungulia wageni tu, wapige picha. Nikimwomba ufunguo, mimi muuguzi, ananiambia, "Hiyo kitu si ya manasi kuchezea. Ngoja wageni wakuje."

Kipindupindu hakikungoja wageni. Kilianzia Athi River, kikaja huku na watu waliorudi nyumbani kwa mazishi. Mama Ndinda, yule aliyekuwa akikuchagulia nyanya nzuri sokoni, aliletwa macho yameingia ndani, na sisi dripu zimetuishia. Alifia mikononi mwangu. Afisa wa afya alipofika kutoka mjini alifoka, "Si tuliwaandikia mapema muagize dripu?" Ndipo chumba kikafunguliwa. Onyo lilikuwemo kwenye kompyuta, barua pepe kutoka Nairobi, halijasomwa na mtu. Mwenyekiti akakunja mikono akasema ni mapenzi ya Mungu.

Mapenzi ya Mungu! Afadhali angenyamaza.

Nakulaumu, Nduku. Ulijua hajui hata kuwasha mashine ile, ukampa kwa sababu ana mvi na kofia. Heshima yako imetuua. Na nakupenda, ndiyo maana inaniuma namna hii. Nisingekupenda ningemlaumu yeye peke yake, nikalala.

Kesho fundi wa kufuli anakuja. Nimemwita mimi, sikumwomba mtu ruhusa. Barua za Nairobi nitazisoma kila asubuhi kabla sijamgusa mgonjwa wa kwanza, na mzee akichukia anifute kazi. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, dada yangu. Najua ungenisihi nimpitie kwanza nyumbani kwake, nimsalimu vizuri, nimweleze polepole.

Sitamsalimu.

Mwende