Ukuta wa Ciment

Lundi, tarehe 10, mwezi wa tatu
Masika, mutoto yangu, ametoka kubandua kipande cha ciment ku ukuta, akakitia mu mudomo. Nimekitoa na kidole. Amelia. Nyuma ya kipande, jiwe iko na maji. Mbele ya kupaka ciment ilikuwa kavu. Nimeogopa.
Hii nyumba ya zamani ya majiwe, siye bamama tunaitengeneza tupate pa kujifunza kusoma. Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, anataka ivunjwe, ajenge dépôt ya kuweka bidhaa. Vendredi, tarehe 14, ingénieur wa kupima nyumba anakuja kukata shauri. Akikuta ukuta mubaya, imeisha.

Mardi, tarehe 11
Papa Kasereka, fundi wa majiwe, amefika na pikipiki toka Kirumba. Ameweka kiganja ku ukuta, akacheka vibaya.
— Mama Masika, nani alivalisha huyu muzee koti ya nailoni?
Mimi. Ni mimi nililomba ciment ku paroisse, kwa bapadiri. Hapa Butembo nyumba bila ciment banaicheka, na mimi niliona haya ya udongo. Kumbe ukuta wa majiwe na udongo unapumua. Ciment imefunga maji ndani, udongo unakuwa bouillie, uji tupu. Ciment yote inapashwa kutoka mbele ya vendredi.
Nina haya.

Mercredi, tarehe 12
Siku ya shamba. Tumekuja bamama bane tu. Mama Kavira, jirani yangu, amenisema mbele ya bote:
— Weye na ciment yako! Ulitaka nyumba ya ministre?
Kisha akachukua burin, ile patasi ya chuma, akapiga kunishinda.
Saa kumi mvua. Majiwe mbili imeanguka ku kona. Pale Masika analalaka muchana. Leo alikuwa ku mugongo yangu. Sikuambia mutu.

Jeudi, tarehe 13
Bamekuja wengi, batoto ku mugongo. Kubandua tu. Vidole damu. Papa Kasereka amerudisha majiwe ya kona na udongo na chokaa. Upande wa nyuma haujaisha. Mungu wangu.

Vendredi, tarehe 14
Ingénieur amekuja asubui. Amepima na kamba, amegonga ukuta. Chef alikuwa pembeni na kepi yake. Kisha ingénieur akasema ukuta ungali na maji, lakini umesimama sawa, hapana kuvunja. Atarudi kisha miezi tatu kuangalia kama umekauka.
Miezi tatu. Mama Kavira amekaa chini tu, miguu mbele.
Masika analala. Vumbi ya chokaa ku nywele. Nataka kuandika vile moyo yangu... Papa Kasereka ananiita, eti upande wa nyuma haujibandui pekee yake, niache kalamu, nilete burin.