Ngombe ya watu wawili

Mujukuu wangu Grâce, jambo sana,

Siye huku Bunia tuko muzima. Mama yako mudogo amezaa mutoto mwanaume. Nimesikia ulichora sura yangu, ukaiuzisha kwa watu makumi ine, kila mumoja na kipande yake, ile jeton ya mu telefone yenye inasema sehemu moja ya picha ni yake. Unaniuliza kama ninafurahi. Niko na wivu.

Wakati nilikuwa kijana, siye na rafiki yangu Yakobo tulinunua ngombe moja. Karatasi ilisema nusu ni yangu, lakini ilikaa kwake, kwenye majani ilikuwa mingi. Siku moja nikaenda na chumvi mukononi, ili ngombe inijue. Ikanipita, ikaenda kulamba mukono ya Yakobo, yenye haikukuwa na kitu! Nilirudia nyumbani bila kuaga hata bibi yake.

Ile karatasi ilinipa nusu ya ngombe. Kunijua, haikunipa.

Basi wale watu wabaki na vipande yao. Lakini picha yenyewe ingali kwako, na miye mwenye sura sijaiona bado. Kuja nayo, Grâce. Nataka nione kama itanijua.

Tate yako, Zakaria