Mama, Walichukua Damu Yangu

Mama,

Nimekaa dukani kwetu Ngara, kwenye kiti chako. Nataka uyasikie haya kutoka kwangu, kabla mdogo wako Rukia hajaenda makaburini kukushtakia.

Tangu utuache, wateja wananiita kwa jina lako. Wananitazama vizuri, wanashtuka, wanaomba radhi. Wewe hata miaka hamsini hukufika, na watu walishaanza kukupisha kwenye foleni kama bibi kizee. Ulikuwa ukicheka. Mimi nilikuona ulivyokata vitambaa huku umebana pumzi, ukingoja habari mbaya ambayo hakuna aliyeituma.

Sasa ni mimi. Ilianza baada ya arubaini yako. Moyo unakimbia kama ninafukuzwa, kifua kinabana, chakula hakipiti. Nikaenda kliniki moja kule Westlands. Daktari, mwanamke mpole, akaniambia kuna utafiti: wanachukua damu ya wanawake wenye huzuni na wasiwasi, wanatazama ncha za nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili. Ncha hizo hupungua kadiri tunavyozeeka. Wanataka kujua kama kwa wanawake kama sisi zinapungua upesi zaidi.

Kama sisi, Mama. Nilikubali palepale.

Rukia aliwaka. "Damu ya mtu si kitu cha kuchezewa! Dada yangu alikuwa na mawazo tu, hakuwa mgonjwa." Lakini juzi, niliporudi kusikia majibu, alinifuata mpaka ndani, uso kaukunja, tasbihi mkononi.

Nilikuwa na swali moja tu: nitakufa mapema kama mama? Daktari akasema majibu ya mtu mmoja mmoja hawatoi, wanalinganisha wanawake wengi kwa pamoja. Mama, nilipiga kelele.

"Sasa damu yangu mlichukua ya nini?"

Hakukasirika. Akasogeza kiti karibu. "Hata ningekupa hayo majibu, hayawezi kukuambia utaishi miaka mingapi. Lakini hii hofu iko na matibabu, na tunaweza kuanza leo. Niambie, ikikushika unasikia aje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sidhani kama kuna aliyekuuliza wewe. Nikasema yote, nikalia mpaka ushungi ukalowa. Tasbihi ya Rukia ilikuwa imesimama mkononi mwake.

Tukatoka. Dawa nimepewa, na Jumanne nitaanza kuonana na mshauri. Sijui itakuwaje. Kifua bado kinabana, ingawa jana nilimaliza sahani ya wali.

Tulipokuwa tukingoja teksi kando ya Waiyaki Way, Rukia alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi, umejaa jasho. Akatazama magari, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mwanangu, huyo daktari... huwa anaona hata watu wa umri wangu?"

Kumbe naye, miaka yote hii, Mama. Kumbe ule ukali wote.

Pumzika, mama yangu. Dada yako sitamwacha aubebe mzigo huu peke yake. Jumanne tunakwenda wote wawili, na akitaka nikae naye ndani, nitakaa.

Binti yako,
Mwanahamisi