Blanketi la Alliance

Uvira, Mulongwe, Jumapili

Mama Honorine mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini barua hii itakukuta huko Bwegera ukiwa na nguvu, na lile goti limepoa. Sisi tuko. Délice ametimiza mwaka na miezi miwili, anatembea akishikilia ukuta, na akicheka ni binti yako Alliance mtupu.

Mama, umeniuliza mara nyingi kwa nini simleti mjukuu wako. Nilikujibu kwamba ni vumbi la mpunga wako linalomfanya apige miluzi kifuani, na siku ile nikamtoa mikononi mwako mbele ya majirani. Uso wako ninauona hadi leo.

Mwezi wa tatu mwaka huu, hospitali ilipata mashine ya kupima pumzi za watoto wachanga. Dogta Gloriose alingoja Délice asinzie kifuani mwangu, akamfunika pua na mdomo kwa maski ndogo. Alinionyesha kwamba pumzi inaingia vizuri lakini inatoka kwa shida. Kisha, ili kujua ni kitu gani kinamdhuru, akamdondoshea matone mkononi, akachoma kidogo kwa sindano kwenye kila tone, tukangoja robo saa. Tone la vumbi la nafaka halikufanya kitu. Penye lile la vidudu vya matandiko, ngozi ikavimba, nyekundu.

Akaniuliza mtoto analalia nini. Nikamwambia ni blanketi la mama yake, halijafuliwa tangu tumzike. Akaniagiza nilifue kwa maji ya moto siku hiyohiyo. Niliitika.

Mama, sikulifua. Mafuta ya nywele ya Alliance yalikuwa bado yananukia mle. Nilimfunika nalo mtoto siku tisa zaidi. Siku ya kumi midomo yake ikageuka bluu, nikakimbia naye hospitali bila viatu. Alipopona ndipo nikachemsha maji. Sasa blanketi linanuka sabuni tu, na Délice analala kimya hadi ninainama kumsikiliza.

Haukuwa mpunga wako. Nilikuwa mimi. Unisamehe. Jumamosi ninamleta, akae nawe hadi utakapochoka naye. Na kama umebaki na nguo ya Alliance ambayo hujaifua, usimsogezee mtoto. Nifungulie mimi, niinuse kidogo, kisha uifunge tena.

Nisalimie Baba Pierre na wote wa nyumbani. Mungu awalinde.

Mimi mkwe wako,
Achille, Baba Délice