Mara Saba na Udongo

Alhamisi, 11 Septemba

Nijisamehe kwanza. Neno la mwisho humu niliandika mwanangu Rukia anaanza kukaa, na sasa anatambaa. Sababu zipo, nyingine ni uvivu tu. Leo naandika kwa kuwa mkono mmoja ndio mzima.

Asubuhi nimechambua mchele wa vitumbua. Mama mkwe kachoma yeye. Vimeungua chini.

Jumamosi nilianguka. Natoka kuuza vitumbua Raskazone, ndoo tupu nyuma ya baiskeli, nawaza mtoto amelala au analia. Mbwa wa kahawia akatoka getini kwenye nyumba moja kubwa, akaingia gurudumu la mbele. Bega la kushoto likapiga lami. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Mkono umefungwa kitambaa shingoni, wiki sita.

Na aliniuma. Chini ya kigimbi, alama mbili za meno. Hili sijamwambia mtu. Niliosha bombani mara saba, moja kwa udongo, kutoa najisi ya mbwa, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Na pedali niliiosha, iligusa mate yake. Hospitali nikaonyesha bega tu. Nani atanunua kitumbua cha mtu aliyeumwa na mbwa? Najisi imetoka. Basi.

Ijumaa, 12 Septemba

Rukia anataka kubebwa, siwezi. Napiga magoti apande mwenyewe. Namnyonyesha nimelala ubavu. Mume wangu Hamadi kapiga simu toka Pangani, anakojenga. Nimemwambia mimi mzima. Mguu unawasha.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbaya.

Mlinzi wa ile nyumba kaja kurudisha kandambili yangu moja. Mtu mstaarabu. Mama mkwe kampa kahawa. Akauliza pale pale, mbele yake: "Na mguu je, dada? Maana yule mbwa kafa jana. Alikuwa atoka mate, maji hataki kuyaona."

Mama kaweka birika chini. "Mguu gani?"

Nikavuta kanga ifunike. Akaifunua.

Mlinzi alipoondoka ndipo mama akasema. "Siku nane wanilisha uongo. Na mtoto wamlisha mate ya mbwa." Kamchukua Rukia, kampa uji. Rukia kautema. Kampa tena.

Nimejiona mjinga.

Jumatatu, 15 Septemba

Hospitali tangu asubuhi. Nesi mtu mzima, Mdigo, kajifunga ushungi. Kauliza niliosha kwa kitu gani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu.

"Najisi umeiosha. Ugonjwa hukuuosha. Ilitakiwa sabuni, maji yatiririke robo saa nzima, kisha uje hapa siku ile ile."

"Nimechelewa?"

"Umechelewa. Ungebaki nyumbani ungechelewa zaidi."

Sindano ya kichaa cha mbwa mkononi, nyingine pembeni ya kidonda. Hiyo ya kidonda niliuma kanga. Na ya pepopunda, kwa ajili ya ule udongo. Zimebaki nne za mkono, kila moja na siku yake. Nikauliza kuhusu kunyonyesha. Kasema nyonyesha, maziwa hayana neno.

Nikampelekea mama jibu hilo. "Nesi hakumzaa huyu mtoto," kasema, akaenda na Rukia chumbani kwake.

Mimi ndiye niliyemzaa. Sikusema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bega.

Jumatano, 17 Septemba

Nakunywa maji kila saa nione kama nayaogopa. Kikombe. Yanashuka. Nakaa kidogo, nakunywa tena. Nazunguka ua, naingia ndani, natoka. Siwezi kukaa.

Matiti yamejaa, yanawaka. Nakamua msalani, namwaga. Rukia analia chumba cha pili, anamwita mama, na mama anayeitika si mimi. Najua bibi yake anampenda. Alizika wanawe wawili huko Pemba, wote wadogo. Najua. Lakini wangu yu hai na ana njaa.

Nimekunywa tena. Yameshuka.

Alhamisi, 18 Septemba

Sindano ya pili. Nimerudi, sikuvua hata baibui. Nikakaa kitandani kwa mama, ambako sijawahi kukaa bila kukaribishwa.

"Mama, nisamehe. Nilikuficha, kosa langu. Ila mtoto namnyonyesha leo."

"Na ukifa?"

"Nikifa atakuwa amenyonya."

Alinitazama mpaka nikataka kushusha macho. Sikushusha. Akanyanyuka, akaleta mto, akauweka chini ya mkono wangu mbovu. Akamlaza Rukia juu ya mto kwa mikono yake mwenyewe.

Rukia kang'ata. Jino jipya. Nililia, si kwa jino.

Jumatatu, 22 Septemba

Ya tatu. Maji nakunywa kwa kiu sasa, siyo kwa kujipima. Karibu siku zote.

Habari imeenea. Jirani kapitia dirishani: "Vitumbua vyenu siku hizi vina meno?" Mama mkwe kamjibu: "Vina meno, vyauma midomo mirefu." Jirani akachukua kumi. Wengine hawaji. Hasira ninayo, ila nimecheka.

Jumatatu, 29 Septemba

Ya nne. Homa kidogo. Nesi kasema hutokea. Nimelala mchana wote nikihesabu sindano zilizobaki. Moja. Hamadi nimemweleza yote. Akauliza Rukia ana meno mangapi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ya mwisho. Nesi kaandika kadi, kapiga mhuri, kaniambia nimemaliza. Mama alikuja nami, akamwamkia nesi kwanza, ingawa yeye ndiye mkubwa. Njiani tulinunua machungwa.

Mchana umetulia. Rukia amelala kifuani, mdomo wazi. Kidonda kimebaki vidoa viwili. Kitambaa wiki ijayo kitatoka. Baiskeli bado, kasema daktari, mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Hamadi anauliza atume nini kwa gari la Jumatano. Nimwambie hivi:

Nazi kumi na mbili, za Pangani, zilizokomaa.
Rimu ya mbele ya baiskeli, inchi ishirini na nane, na spoku zake.
Kanga moja nzito ya kubebea, isiyoteleza.
Mafuta ya nazi, chupa moja, ya mama.
Viatu vya Rukia, vidogo kabisa, soli laini. Jana kasimama akishika ndoo.