Mama amelala upande gani

Kasongo, Alhamisi, mwisho wa Shaabani

Bado miguu inanuka tope, ingawa nimeiosha kwa sabuni.

Nilikwenda na dada yangu Zaina kumsomea Yasini marehemu mama yetu, kama tufanyavyo kila mwaka kabla ya Ramadhani. Tangu Serikali ilipotuhamishia barabarani na kuligeuza ziwa letu kuwa hifadhi yake, hatuingii kijijini kwetu bila ruhusa ya mlinzi.

"Mwalimu, huko maji iko mingi," mlinzi alituonya. "Bwana wa hifadhi anakataza kukata matete, ndege wasikimbie."

"Ndege wamepewa ziwa," Zaina akamjibu, "sisi tumepewa vumbi."

Zamani, kila kiangazi, wanaume walikata matete pale maji yanapotoka ziwani, yapate njia. Sasa hayana njia. Kinamasi kimepanda hadi makaburini, wala hakuna jiwe hata moja linaloonekana.

Tulisimama ukingoni tukibishana mama amelala upande gani. Mwishowe nilisoma nikielekea alikoonyesha Zaina, kwa kuwa alikuwa akilia. Nadhani alikosea. Lakini hata mimi sina hakika kwamba...

Kifua chake kinazidi kuwa kibaya. Njiani alisimama kukohoa, kisha akaniuliza, "Kaka, uliniahidi kunizika karibu na mama. Sasa mtanilaza wapi?"

Nilimwambia kwamba kule barabarani ardhi ni kavu. Ni kweli. Alitangulia peke yake mpaka nyumbani.